Jezi ya Kijani Nyuma ya Mlango

Jezi za timu yetu zilifuliwa nyumbani kwetu Mangobo, kila Jumatatu, katika mabeseni matatu yaliyopangwa chini ya ukingo wa bati. Mama alifua kwa sabuni ya mawese, ile inayokatwa vipande kwa uzi, na mimi nilisuuza. Kazi hiyo alipewa kwa heshima ya baba, aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha vitambaa na beki wa timu hiyo hiyo, wakati king'ora cha kiwanda kilikuwa bado kinaamsha mtaa mzima asubuhi. Kisha kiwanda kilifungwa, na baba akafa miaka michache baadaye kwa ugonjwa ambao mama aliuita mawazo. Jezi ziliendelea kuletwa katika gunia, Jumapili jioni, zikiwa na matope na jasho la watu kumi na mmoja.

Mtu asiye wa mtaa wetu hawezi kuelewa jinsi tulivyoishikilia timu ile. Wanaume waliokuwa wakipanga mitambo sasa waliendesha toleka, yaani baiskeli za kubeba abiria, na wengine walikaa tu mlangoni wakisubiri barua ya kiwanda isiyokuja. Wake zao walipika lotoko, ile pombe kali ya mahindi, au waliuza chumvi kwa vijiko. Lakini Jumapili, saa tisa, tulikuwa na kitu ambacho mtaa wa Kabondo hawakuwa nacho, wala Makiso ya katikati ya mji na maduka yake. Tulikuwa hatujafungwa mechi kumi na tisa. Siku ya ushindi hata jirani aliyekununia tangu Pasaka alikuletea lituma, zile ndizi zetu za kuponda, na kipande cha samaki juu yake.

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili asije mtu akanidai ushujaa huko mbele. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ulimi mkali kama wembe nikiwa jikoni, lakini mbele za watu nilinywea. Mama alikuwa akisema kwamba nikikanyagwa mguu, mimi ndiye ninayeomba msamaha.

Sasa habari ya jezi ya kijani. Golikipa wetu alikuwa dereva wa toleka, mtu mrefu mwenye magoti makubwa na sauti ndogo. Baada ya ushindi wa kwanza katika zile kumi na tisa, alisahau kutia jezi yake ndani ya gunia, na Jumapili iliyofuata akaivaa hivyo hivyo, bila kufuliwa. Tukashinda tena. Mara ya tatu hakuifua kwa makusudi, na ilipofika mara ya tano jambo hilo lilikuwa sheria. Isiguse maji mpaka siku tutakapofungwa. Mvua ikinyesha uwanjani haikuhesabiwa, kwa sababu maji ya Mungu hayana ubaya. Wakaamua isilale kwa golikipa, maana mke wake alikuwa mtu wa usafi na hakuaminika. Ikakabidhiwa kwa mama. Kila baada ya mechi golikipa aliileta mwenyewe, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mkononi mwa mama, na mama aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Hata kufagia nyuma ya mlango ule kulikuwa kazi ya mama peke yake.

Mtaani watu walicheka walipoisimulia, lakini hakuna aliyeifanyia mzaha. Katika zile mechi kumi na tisa, moja tulitoka sare. Mwanamke muuza karanga alipita nyuma ya goli letu na sinia lake kichwani, na hapo hapo mpira ukaingia. Jioni ile ile wanaume walipanda juu ya nyumba yake wakang'oa mabati, bati baada ya bati, kwa utaratibu, kama mafundi walioitwa kazini. Mmoja wao alikuwa amenifundisha katekisimu. Mwanamke alikaa kwenye kigoda ndani ya chumba chake kisicho na paa, akiwaomba waangalie wasikanyage sufuria. Watu walisimama wakimwita ndoki, mchawi, na mimi nilisimama nao, nimefunga mikono kifuani, nikitazama. Kesho yake hakuonekana tena. Tangu siku hiyo niliutazama ule msumari nyuma ya mlango wa mama kama mtu anavyotazama shimo la choo lililobonyea. Nilijiambia kwamba ikiwa karanga zilimtoa mtu nyumbani kwake, itakuwaje kwa mwanamke aliyeshika jezi yenyewe?

Wakati huo ng'ambo ya mto watu walikuwa wakichomeana nyumba kwa ugomvi wa mashamba. Waliokimbia walivuka kwa mitumbwi na kulala mashuleni, darasa moja familia kumi. Siku moja mama alitoka kanisani na mwanamke mmoja wa huko, rika langu au mkubwa kidogo, na mtoto wa miezi minne mgongoni. Mume wake hakuvuka. Hakusema zaidi ya hapo, na mama hakumuuliza. Alimtandikia mkeka chumbani kwake. Yule mgeni alikuwa mtu wa kuamka kabla ya kila mtu. Nilipotoka nikipiga miayo nilikuta ua umefagiwa na maji yamechotwa. Nilimchukia kidogo kwa hilo, sifichi. Mgeni akifagia kukushinda, kila jirani anaona.

Kisha habari ikaja kutoka Yanonge kwamba dada mkubwa wa mama amefariki. Mama alifunga vitambaa vyake, akateremka bandarini Jumapili mchana, golikipa akiwa ameshachukua jezi yake, kupanda baleinière ya siku hiyo, ile mashua kubwa ya mbao inayoteremka mto na magunia na mbuzi. Kabla ya kuondoka alinishika mkono.

"Jezi zote utafula, utasuuza mara tatu," alisema. "Lakini ile ya nyuma ya mulango, akiileta utundike tu, usiiguse tena. Unasikia? Ata vumbi usipanguse."

"Nimesikia, mama."

"Mi nitarudi mbele ya mechi ingine. Ikae vile iko."

Jumapili hiyo tulicheza kwenye matope mpaka magotini, tukashinda kwa goli moja. Jioni golikipa alifika na mfuko wake wa plastiki. Alipomkosa mama alisita sana mlangoni, akitazama nyuma kana kwamba kuna mtu wa kumuuliza. Mwishowe aliniwekea ule mfuko mkononi, kwa mikono miwili.

"Chunga muzuri," alisema. "Leo ilishika matope sana."

Niliitundika kwa ncha za vidole, nikafunga mlango.

Sijui kwa nini wiki ile ilinuka kuliko wiki zote. Nilidhani ni matope. Siku ya tatu harufu ilitoka chumbani ikaingia sebuleni, nzito, ya kitu kilichooza. Mtoto wa mgeni alikohoa. Jumatano asubuhi mgeni alikuja jikoni, akasimama pembeni akivuta ncha ya kitenge chake.

"Dada, samahani," alisema. "Mule ndani labda panya alikufa. Nilitafuta chini ya kitanda, sikuona."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mtu aliyelala darasani na familia kumi anatuambia sisi, nyumba ya wafuaji, kwamba nyumba yetu inanuka panya! Alikuwa na adabu, ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alipokwenda kuchota maji niliingia chumbani, nikaishusha jezi kwa kijiti, nikaipeleka kwenye beseni nyuma ya nyumba. Nilijiambia nitapitisha maji kwapani tu, kidogo, kuvunja harufu. Kwapani kuna nani atakayetazama?

Aliyefua nguo za watu anajua kosa nililofanya. Ukisafisha sehemu moja ya nguo chafu, sehemu hiyo inapiga kelele. Makwapa yalitoka mabichi kabisa, kijani cha jani jipya, na kifua kikabaki kahawia. Nikasugua kifua ili kifanane na makwapa, nikasugua mgongo ufanane na kifua, kisha mikono, kisha ukosi. Maji yakawa meusi. Na niseme kweli, kwa dakika chache nilifurahi, kama mtu anavyofurahi doa likitoka. Niliisuuza haraka mara moja, nikaikamua, nikaitundika kwenye kamba, nikarudi nyuma hatua moja kuitazama. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Jezi ya mechi kumi na tisa ilikuwa inaning'inia juani, inang'aa kama imetoka dukani.

Nilikaa chini, kwenye maji machafu, nikalia. Niliona mabati yetu yakishuka moja moja. Nilimwona mama kwenye kigoda.

Mgeni alirudi na ndoo kichwani. Alitazama kamba, akanitazama mimi, na hakuhitaji kuelezwa. Mtu akilala Mangobo siku mbili tu, alishajua sheria ya jezi. Aliweka ndoo chini.

"Toa kule mbio," alisema. "Batu watapita."

Tuliingia nayo jikoni. Wazo la moshi lilikuwa lake. Mama alikuwa na uchanja wa kukaushia samaki juu ya mafiga, na tulishika ile jezi juu yake, yeye mkono mmoja wa jezi na mimi mwingine, tukiigeuza kama chapati, macho yakitutoka machozi. Kisha tuliisugua majivu ukosini na udongo kwenye viwiko. Ilirudi kuwa chafu, lakini si kwa uchafu wake. Ilinuka samaki, na chini ya samaki nilisikia harufu nyingine ambayo sikutaka kuitaja. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake muda wote huo. Tulipomaliza mgeni alijifuta mikono akasema polepole, "Dada, mi sikuona kitu." Nilimshika mkono. Sikuwahi kumshika mkono kabla ya hapo.

Siku zilizobaki sikula. Rais wa mashabiki alipita Alhamisi. Alikuwa mkuu wa zamu kiwandani zamani, na hata sasa alitembea na kalamu mfukoni. Aliponisalimia tu, "Binti, iko aye?", nilijikwaa kwenye beseni nikaanguka. Ijumaa golikipa alipita na abiria akanipungia mkono, nikajifanya sikumwona. Kila sauti ya watu wengi, hata ya wanaotoka ibada, ilinifanya nitazame juu, kwenye bati. Niliwaza kukimbilia kwa mjomba, huko Isangi. Niliwaza kuungama kwa padri, nikakumbuka kwamba padri alikuwa shabiki.

Mama alirudi Jumamosi mchana na kapu la samaki wakavu. Aliingia chumbani kwake, nikasikia mlango ukifungwa. Alikaa mle muda mrefu kuliko muda wa kubadilisha kitenge. Nilisimama jikoni, mwiko mkononi, jasho likinitiririka mgongoni. Kisha akatoka.

"Leta maji ninawe," alisema, na akanitolea habari za kilio, nani alikuja na nani hakuja.

Jumapili saa saba golikipa alikuja kuchukua jezi. Ilikuwa desturi aivae pale pale uani kwetu, kisha apande baiskeli akiwa tayari ameivaa, majirani wakimpigia makofi. Aliivaa. Akainua mkono wa jezi puani, akakunja uso kwa ile harufu ya samaki.

"Mama, leo inanuka mbisi."

"Nilileta mbisi ya Yanonge," mama alijibu, hata hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Niliitundika mule ndani. Utanisamehe, papa."

Golikipa akacheka. "Basi leo tutawavutisha moshi!" Na akaenda. Nilimshukuru Mungu kwa mama asiyejua kitu, ambaye ujinga wake uliniokoa.

Mechi ilikuwa na timu ya Kabondo, vijana wa shule, wembamba, wenye soksi zisizofanana. Nilisimama karibu na ukuta nimeshika msalaba wangu wa shingoni mpaka ukanichora kiganjani. Tulishambulia muda wote. Kila dakika niliomba ipite, na ilipita, nikaanza kuamini. Kisha kijana mmoja wa Kabondo alipiga shuti hafifu, la mtu aliyechoka, mpira wa kubingirika tu. Golikipa wetu aliinama. Ukapita kati ya mikono yake.

Naye golikipa, badala ya kuokota mpira, alishika jezi yake kifuani, akaivuta mpaka puani, akainusa. Alinusa mara mbili, mbele ya Mangobo yote. Nilimtazama rais wa mashabiki. Alikuwa anamtazama golikipa akinusa.

Sikungoja filimbi ya mwisho. Nilikimbia.

Nyumbani mama alikuwa anapanga samaki na mgeni alikuwa anamenya ndizi za jioni, mtoto mgongoni. "Tumefungwa," nilisema. Mgeni akaacha kumenya, akanitazama. Mama aliinuka, akajitandaza kitenge vizuri kama mtu anayengoja wageni wa heshima. Hatukupata nafasi ya kusema lingine. Walikuja kwa miguu, wengi, hawapigi kelele, na utulivu wao ulinitisha kuliko kelele. Walijaza ua mpaka barabarani. Mwalimu wangu wa katekisimu alikuwa mstari wa mbele.

Rais wa mashabiki alivua kofia.

"Mama, tunakuheshimu," alisema. "Bwana yako alikuwa ndugu yetu. Lakini ile vareuse inanuka sabuni. Ni nani aliipitisha mu maji?"

"Mi nilikuwa Yanonge," mama alisema.

"Tunajua. Donc, ni nani alibakia?"

Macho yote yakaja kwangu. Nilifungua kinywa. Neno lenyewe lilikuwa fupi, mimi, hata mtoto mdogo angelisema. Niliona mikono ya wale wanaume, mikono niliyoijua, iliyobeba jeneza la baba, na nikaona mmoja ameshika nyundo ya kung'olea misumari. Alikuwa ameileta kutoka kwake. Aliijia nyumba yetu na nyundo.

Ndipo mama aliposema, taratibu, macho chini: "Musichana wangu analala chumba ya mbele. Mule ndani analala huyu mama ya rive gauche, ya ng'ambo."

Hapakuwa na uongo katika maneno hayo hata chembe. Watu waligeuka wote kwa pamoja. Mtu nyuma alisema, "Ndoki!" na mwingine akasema wamekimbia vita kwao kuja kutuletea balaa huku, na ule utulivu ukapasuka. Jiwe liligonga ukuta juu ya mafiga. Mtoto akaamka akalia.

Mgeni alinitazama. Hakuwa na haja ya kusema. Angeinua kidole tu. Alijua kamba, alijua beseni, alijua ni nani aliyekaa kwenye maji machafu akilia. Nilingoja kidole kile, na nasema ukweli wote, nilikuwa tayari kukikana. Aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akakaza kamba ya mtoto.

"Mi niko mugeni," alisema. "Nitaenda."

Waliingia wakamtupia mkeka wake nje, na sufuria yake, na kile kimfuko cha nguo za mtoto. Sijui yangeishia wapi kama golikipa asingefika. Alikuja akisukuma umati kwa baiskeli, kifua wazi, jezi ameitupa sijui wapi. "Ni mimi niliachia mpira!" alipiga kelele kwa ile sauti yake ndogo. "Mikono ni yangu! Muache mama apande!" Akampakia kwenye kiti cha abiria, mtoto mgongoni, sufuria mapajani, akatoka naye akikanyaga kwa nguvu. Walimpisha, kwa sababu hata siku ile alikuwa golikipa wao. Mkeka ulibaki.

Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale, kinywa wazi. Watu walipotawanyika mama alikaa kwenye kigoda, akachukua kisu, akamalizia zile ndizi zilizokuwa zimemenywa nusu. Tulikula lituma kama kawaida.

Jumapili iliyofuata tulishinda, magoli matatu. Rais wa mashabiki alimletea mama jogoo, akasema ukitoa mwiba mguu unapona. Jezi ya kijani ikarudi msumarini, na hesabu ikaanza upya. Mangobo ilicheza mpaka vumbi likapanda, na mimi nilicheza nao, maana asiyecheza angeulizwa sababu.

Kama miezi miwili ilipita. Siku moja ya Jumanne nilirudi mapema kutoka sokoni, mchana kati, nikakuta mlango wa chumba cha mama umefungwa. Nikasikia mlio ambao nimeujua tangu utoto, kitambaa kikisuguliwa juu ya kitambaa. Nikasukuma mlango. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni dogo, sabuni ya mawese mkononi, na ndani ya beseni ilikuwa jezi ya kijani.

"Funga mulango," alisema.

Nilifunga.

"Mama, unafanya nini?"

"Unaona."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili ililala humu. We unazani mi nilale na jasho ya mutu ndani ya chumba wiki muzima?" Alisema kwa hasira, kama ni mimi niliyemkosea. "Ninafula Jumanne, ninavutisha moshi usiku, ninapakaa majivu. Hakuna mutu alijua."

Kwa hiyo karibu zile mechi zote kumi na tisa tulizicheza na jezi iliyofuliwa. Ndiyo maana wiki ile aliyokuwa Yanonge ilinuka kuliko wiki zote. Nilikaa kitandani kwake. Mambo yalikuwa yakijipanga kichwani moja baada ya jingine na sikuweza kuyazuia.

"Ile Jumamosi ulirudi," nikasema, "ulijua ni mimi."

"Nilinusa. Haukusuuza muzuri." Aliinua macho. "Nilikuambia mara tatu. Mutu wa kufula anajua kusuuza. Ungesuuza, wasingesikia sabuni."

"Na ulijua kama kufula haileti kitu. Hata kidogo."

"Nilijua."

"Basi kwa nini ulimutaja?"

Mama alisugua ukosi muda mrefu, ukosi uliokwisha kutakata. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni, imepauka kwenye vidole.

"Wangekubeba we," alisema. "Ao mi. Yeye mugeni, angepita tu."

Niliinuka, nikamletea maji ya kusuuza. Tangu siku hiyo nilisuuza mimi, mara tatu, mlango ukiwa umefungwa.

Nilimtafuta yule mgeni. Si mara moja, sijisifu. Nilianza kumtafuta baada ya kujua la mama, na nilikwenda kama mwizi, nikizunguka njia za nyuma. Golikipa aliniambia alimshusha shuleni walikolala wenzake. Shuleni wakaniambia wamehamishwa. Mama sasa mikono yake imeshikwa na baridi yabisi na kufua siku hizi nafanya peke yangu, nyekundu zote Jumatatu na ile ya kijani Jumanne. Bado tunaogopwa katika ligi ya mji.

Nilimpata mwaka huu, soko la Kabondo, bila kumtafuta. Alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya pondu, yale majani ya mihogo, na mtoto alikuwa anatembea, amevaa kandambili za mtu mzima. Alinitambua mara moja. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyatembeza kichwani kutoka Mangobo hadi mtoni na kurudi, mara nyingi kiasi kwamba nilidhani yatatoka yenyewe. Nikainama mbele ya meza yake. Kabla sijasema, alitazama kushoto, akatazama kulia, akanisogelea.

"Dada," alinong'ona, "ile kitu... hawakujua kama ni we?"

Alikuwa ananiogopea. Baada ya siku zote hizo, alikuwa bado ananiogopea mimi.

"Hawakujua," nilisema.

"Aksanti Mungu. Mi sikusema kwa mutu. Ata mumoja."

Na mimi nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Wanaume wawili waliovaa jezi nyekundu za timu yetu, jezi nilizozisuuza mwenyewe Jumatatu, walikuwa wananunua mihogo meza ya pili. Mmoja alinisalimia kwa kichwa. Nilichukua mafungu mawili ya pondu, nikamwambia mama anamsalimu, nikaondoka.